Kila Kipande cha Mwili Kina Mahali Pake

Kuna swali ambalo watu huniuliza kwa sauti ya chini, wakiisha kufunga mlango wa dispanseri: «Munganga, kile kipande cha nyama walichonikata, wamekipeleka wapi? Wanakifanya nini?» Wengine hawaulizi. Wanakataa kukatwa, wanarudi nyumbani na uvimbe wao, na sisi tunawaona tena baada ya miezi mingi, wamekonda, dawa hazina tena nguvu.

Swali hilo lina haki ya kujibiwa. Leo tutafuata safari ya kipande hicho, kutoka mwilini mwako mpaka kwenye mashine mpya zinazosoma kazi ya jeni. Tutaona kwamba neno moja linatawala safari yote: MAHALI. Kipande kisichojulikana kilitoka wapi kimepoteza nusu ya thamani yake.

1. SOMO LA KAROTI ZA MAWE

Ninyi watu wa mgodi mnalijua jambo hili kunishinda. Watu wa jiolojia wakitaka kujua kama kuna shaba chini, wanatoboa. Mashine inatoa vipande virefu vya jiwe tunavyoviita karoti. Karoti hizo hazitupwi ndani ya gunia. Zinalazwa sandukuni kwa mstari, na kila moja inaandikiwa kina chake: mita 40, mita 41, mita 42. Ndipo mtu anaweza kusema: «Shaba inaanza hapa na inaishia pale.»

Sasa fikiri mtu mmoja achukue karoti zote, azisage pamoja, apeleke unga huo laboratwari. Laboratwari itamjibu ni kiasi gani cha shaba kimo ndani ya unga. Jibu ni la kweli. Lakini tutachimba wapi? Hakuna anayejua. Mahali pamepotea pamoja na kusagwa.

Kwa miaka mingi wataalamu waliotaka kujua jeni zipi zinafanya kazi ndani ya pafu au ndani ya uvimbe walifanya hivyo hivyo. Walisaga kipande chote, wakapima unga. Walipata hesabu ya jumla, lakini hawakujua ni seli za upande gani zilizofanya kazi hiyo.

2. JENI NI NINI, NA KAZI YAKE INAONEKANAJE?

Mwili umejengwa kwa vijumba vidogo sana visivyoonekana kwa macho, vinavyoitwa seli. Seli zinazokaa pamoja na kusaidiana kazi moja tunaziita tishu: tishu ya pafu, tishu ya ini, tishu ya ngozi.

Ndani ya karibu kila seli mna kitabu cha urithi, ulichopewa na baba na mama yako. Kitabu hicho ni DNA. Kila fungu lenye agizo lake ndani ya kitabu hicho ni jeni. Binadamu ana jeni karibu 20,000 zinazoagiza namna ya kutengeneza protini, yaani vifaa vya ujenzi na vya kazi vya mwili.

Mtu atauliza: ikiwa seli ya jicho na seli ya ini zina kitabu kimoja, mbona hazifanani? Tazama kampuni yetu. Kitabu cha kanuni ni kile kile katika idara zote. Lakini fundi wa magari anafungua ukurasa wa injini, fundi wa umeme anafungua ukurasa wa nyaya, na mpishi wa kantini hana haja ya kurasa hizo mbili. Tena, mkubwa wa karakana hatoi kitabu chenyewe kumpa kila mtu. Anaandika bono ya kazi: «Leo tengenezeni kitu hiki.»

Katika seli, bono hiyo ya kazi inaitwa RNA. Seli yenye bono nyingi za jeni fulani, jeni hiyo iko kazini. Seli isiyo na bono hata moja ya jeni hiyo, jeni hiyo imelala. Kwa hiyo anayeweza kuokota bono na kuzisoma, anajua seli inafanya kazi gani saa ile: inapigana na ugonjwa, inajenga kovu, au inazaana bila utaratibu kama seli ya saratani.

Mashine za leo zinasoma bono hizo herufi kwa herufi, mamilioni kwa mara moja. Kusoma hakukuwa tena shida. Shida ilikuwa kujua kila bono iliokotwa wapi.

3. MATRIKULE YA KILA DOA

Njia ya kwanza ya kutafuta mahali pa jeni bila kusaga ilionyeshwa mwaka 1969 na Joseph Gall na Mary Lou Pardue wa chuo kikuu cha Yale, Marekani. Njia hiyo ilikuwa nzuri, lakini ilitafuta jeni moja moja, tena jeni ambayo mtafutaji aliijua tangu mwanzo.

Mwaka 2016 wataalamu wa Stockholm, nchini Sweden, wakiwemo Patrik Ståhl, Joakim Lundeberg na Jonas Frisén, walitangaza njia ya kusoma maelfu ya jeni pamoja bila kupoteza mahali. Ukielewa namna salopeti za kazi zinavyofuliwa, utaielewa njia yao. Salopeti za idara zote zinaingia katika maji mamoja, zinachanganyika. Lakini kila moja ina matrikule ya mwenyewe, na jioni inarudi kwake. Nao walifanya hivyo:

a) Kipande cha mwili kinagandishwa kwa baridi kali mara tu kinapotolewa, kwa sababu bono za RNA zinaharibika upesi.

b) Kinakatwa kama mkate, lakini kwa vipande vyembamba sana, kama sehemu moja ya mia ya milimita.

c) Kipande kimoja kinalazwa juu ya kioo. Kioo hicho kina madoa yaliyopangwa kwa mistari. Kioo cha Stockholm kilikuwa na madoa karibu 1,000, kila doa na upana wa sehemu moja ya kumi ya milimita. Katika kila doa zimepandwa nyuzi ndogo mno, na nyuzi zote za doa moja zinabeba matrikule ya doa lile.

d) Kipande kinapakwa rangi na kupigwa picha chini ya mikroskopi, ili umbo lake lijulikane.

e) Seli zinafunguliwa kwa dawa. Bono zinashuka chini pale pale zilipo na kunaswa na nyuzi, kama samaki kwenye ndoana. Nakala ya kila bono inatengenezwa, na nakala hiyo inabeba mambo mawili: maneno ya bono, na matrikule ya doa.

f) Sasa nakala zote zinaweza kuchanganywa bila hofu. Mashine inazisoma, na kompyuta inarudisha kila moja kwenye doa lake juu ya ile picha.

Kinachopatikana ni ramani. Unaona umbo la tishu, na juu yake unaona jeni hii inafanya kazi ukingoni, ile inafanya kazi katikati. Hizo ndizo karoti za mawe zilizolazwa sandukuni na kina chake.

Doa la kwanza lilikuwa kubwa kidogo, likafunika seli nyingi pamoja. Mwaka 2019 wataalamu wa Marekani walitumia shanga za upana wa sehemu moja ya mia ya milimita tu, karibu sawa na seli moja. Jarida la Nature Methods liliichagua kazi ya namna hii kuwa njia ya mwaka 2020.

4. JAMBO HILI LINATUHUSU NINI SISI WATU WA VUMBI?

Linatuhusu sana, kwa sababu magonjwa ya kazi yetu hayapigi mwili wote sawasawa. Yanachagua mahali.

Tazama silikozi. Vumbi la jiwe lenye silika linaingia pafuni, na mara nyingi vinundu vyake vinaanza kuonekana sehemu za juu za mapafu. Ndiyo maana mganga anayeangalia radio ya kifua chako anakazia macho sehemu hizo.

Tazama manganezi. Zamani treni zilibeba manganezi ya Kisenge, zikapita hapa Dilolo kwenda bandari ya Lobito, mpaka vita vya Angola vilipofunga njia mwaka 1975. Mtu anayepumua vumbi la manganezi kwa miaka mingi anaweza kuharibika ubongo. Lakini haliharibu ubongo wote kwa namna moja. Linakusanyika zaidi katika sehemu ndogo za ndani zinazoongoza mwendo wa mwili. Mwendo unakuwa mzito, uso unakauka kama wa sanamu, na anaanguka akijaribu kurudi nyuma.

Tazama kifua kikuu, ambacho kinapenda sana pafu lililokwisha kuumizwa na silika. Mwili unaujengea ugonjwa huu ukuta. Katikati wapo wadudu na seli zilizokufa, pembeni zipo seli za ulinzi zilizojipanga. Mwaka 2016 mtaalamu wa Afrika ya Kusini, Mohlopheni Marakalala, pamoja na wenzake, walikata vinundu vya namna hiyo kutoka mapafu ya wagonjwa kwa mwanga wa leza, wakapima katikati peke yake na ukingo peke yake. Wao walipima protini, si bono za RNA, lakini somo ni lile lile. Katikati mwili ulikuwa ukiwasha moto wa vita, na ukingoni ulikuwa ukiuzima. Kama wangesaga vyote pamoja, moto na maji vingechanganyika, wasingeona kitu.

Na mwaka 2024 ilitangazwa kazi iliyofanyika Blantyre, Malawi, juu ya mapafu ya watu waliokufa kwa COVID-19. Waliunganisha ramani ya tishu na usomaji wa jeni za seli moja moja. Walikuta kwamba namna mwili ulivyopigana ndani ya mapafu hayo ilitofautiana na ile iliyoonekana kwa wagonjwa wa nchi nyingine. Basi tusidhani kwamba vipande vya watu wa Ulaya na Marekani vinatosha kutueleza sisi.

5. VIPANDE VYA KINSHASA

Huenda unasema: mambo haya ni ya mbali. Sikiliza basi habari ya hapa kwetu Kongo.

Tangu zamani vipande vya mwili vilivyokatwa kwa ajili ya kutafuta ugonjwa vinawekwa katika formoli, kisha vinafunikwa ndani ya parafini, ile nta kama ya mshumaa. Vya miaka ya 1958 hadi 1966 vilihifadhiwa kwa miaka mingi. Mwaka 2008 Michael Worobey na wenzake, wakiwemo waganga wa Kinshasa, walitangaza kwamba katika kipande cha tezi ya mwanamke wa Kinshasa, kilichokatwa mwaka 1960, walikuta mabaki ya virusi vya UKIMWI. Mwaka 2020 ikatangazwa habari ya kipande kingine, cha mwanaume wa miaka 38, kilichokatwa mwaka 1966. Kati ya vipande zaidi ya 1,600 vilivyochunguzwa, hicho kiliwapa karibu maandishi yote ya virusi.

Kwa kulinganisha virusi hivyo viwili vya zamani na vingine, wataalamu walionyesha kwamba UKIMWI ulikuwa umekwisha kuingia kwa watu mwanzoni mwa karne ya 20, muda mrefu kabla haujapewa jina.

Kazi hiyo haikuwa ya kuchora ramani ya jeni, lakini angalia ilisimama juu ya nini. Miaka karibu 50 ilipita kati ya kisu na mashine, na lebo ilikuwa bado iko. Mwaka ulijulikana, mji ulijulikana. Bila lebo, vipande hivyo vingekuwa nta tu. Na tangu mwaka 2021 kuna namna ya kuchora ramani ya jeni hata katika vipande vya formoli na parafini. Kilichohifadhiwa vizuri jana kinaweza kusema kesho.

6. KOSA LANGU MWENYEWE

Nawaambia sasa jambo ambalo sipendi kulikumbuka. Nilipokuwa bado kijana katika kazi, katika kituo kimoja, alikuja mfanyakazi mwenye vinundu viwili mgongoni: kimoja karibu na bega la kushoto, kingine chini karibu na kiuno. Mganga alikata vipande viwili. Mimi ndiye niliyeviweka. Chupa ilikuwa moja tu mkononi mwangu, nikavitia vyote viwili humo. Niliandika jina, niliandika matrikule, niliandika tarehe. Sikuandika kipi ni cha wapi, wala sikutafuta chupa ya pili.

Baada ya majuma matatu jibu lilirudi: kipande kimoja kina saratani ya ngozi, kingine hakina neno. Mganga wa kupasua akaniuliza: «Cha saratani ni cha bega au cha kiuno?» Nilinyamaza. Mashine hazikukosea, laboratwari haikukosea. Mimi nilizisaga karoti.

Ilibidi yule mzee akatwe tena mahali pote pawili, na kungoja jibu tena. Aliniambia bila hasira: «Mwanangu, mnatukata kama mihogo, kisha hamjui mmekata wapi?» Sikuwa na jibu siku ile. Alipasuliwa, akarudi kazini baada ya miezi. Lakini majuma aliyongoja na saratani mgongoni, mimi ndiye niliyempa. Tangu siku ile sifungi chupa bila kuandika mahali, na kuisoma lebo kwa sauti mbele ya mgonjwa.

7. TUSIDANGANYANE

Usije dispanseri ya Dilolo kesho kuomba ramani ya jeni zako. Njia hii ni ya utafiti, ina gharama kubwa, nayo haijachukua nafasi ya uchunguzi wa kawaida. Ukikohoa zaidi ya majuma mawili, unachohitaji ni kupima makohozi na kupiga radio ya kifua. Hata hivyo, usomaji wa jeni umekwisha kukufikia bila wewe kujua. Mashine ya GeneXpert, inayopima makohozi, inatafuta jeni za mdudu wa kifua kikuu na kutoa jibu kwa muda wa karibu saa mbili.

Tena, ramani haiondoi vumbi. Silikozi haina dawa ya kuiponya. Chembe ya vumbi inayofika ndani kabisa ya pafu ni ndogo kuliko sehemu moja ya mia ya milimita, ndogo kuliko doa la ramani zote hizo. Vumbi unaloliona kwenye nyusi si lile linalokuua. Linalokuua halionekani.

Mfano uko karibu. Mwaka 2018 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa chuo kikuu cha Lubumbashi na wenzake walitangaza uchunguzi wao wa Kasulo, ule mtaa wa Kolwezi ambako watu walichimba kobalti kati ya nyumba zao. Walilinganisha wakaaji 72 wa Kasulo na watu 25 wa mtaa wa jirani. Watu wa Kasulo walikuwa na kobalti nyingi zaidi katika mkojo na damu, watoto kuliko wakubwa. Tena kwa watoto zilionekana alama za kuumizwa kwa DNA, kile kitabu cha urithi tulichokisema. Watoto hao hawakushika nyundo. Vumbi liliwafuata nyumbani.

8. KANUNI ZA KUSHIKA

1. Mganga akisema ni lazima kukata kipande, uliza sababu, uliza mahali atakapokata, kisha kubali. Kipande ni kidogo, na kuchelewa ndiko kunakoua.

2. Kabla chupa haijafungwa, tazama lebo. Iwe na jina lako, matrikule, tarehe, na MAHALI: kushoto au kulia, juu au chini. Vipande viwili, chupa mbili. Usione haya kumwambia muuguzi: «Nisomee.»

3. Kutoka Dilolo mpaka Kolwezi ni zaidi ya kilomita 400, na mara nyingi ndugu wa mgonjwa ndiye anayebeba chupa. Ndugu, usiifungue. Formoli ni sumu, usiinuse. Usimwage dawa ili chupa iwe nyepesi, usiongeze maji, usiongeze lutuku. Isimame wima, mbali na chakula na watoto.

4. Usikubali kipande kikae kwenye maji matupu. Kitaoza, na bono zote zitapotea.

5. Rudi kuchukua jibu. Uliza namba ya kipande chako na uihifadhi pamoja na karatasi zako za hospitali.

6. Kazini, mwagia maji kabla ya kutoboa na kupakia, vaa maski inayofaa ile ya vumbi laini, na ibadilishwe ikijaa. Kitambaa cha mdomo si maski.

7. Acha salopeti kazini, oga kabla ya kumbeba mtoto. Mama wa nyumbani, usikung'ute nguo za mgodi karibu na chakula.

Ndugu mfanyakazi, mwili wako umepangwa kama mgodi uliopimwa vizuri: kila kitu kina mahali pake. Wataalamu wa mbali wanajifunza kusoma mahali hapo doa kwa doa. Sisi wa dispanseri tunaanza na kalamu na lebo. Ukija kwetu, tazama tunachoandika. Tukisahau, tukumbushe.

Msaidizi wa mganga, dispanseri ya Dilolo